Swali la 14 na wazee wa Mbita

Miongoni mwa kazi ambazo mwalimu wa isimu hujikuta akizifanya bila malipo na bila kuzitafuta, kutafsiri fomu ndiyo iliyo nyingi zaidi. Ukishajulikana kijijini kuwa wewe ni daktari wa lugha, huletewa kila karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza: hati ya shamba, barua ya hospitali, masharti ya mkopo wa benki. Mimi ni mzaliwa wa Rusinga, kisiwa kilichounganishwa na mji wa Mbita kwa barabara, na kila nirudipo nyumbani karatasi hizo hunisubiri kabla sijaonja samaki. Silalamiki. Nayataja haya ili msomaji aelewe jinsi nilivyoingia katika jambo ambalo limenikaa rohoni kwa zaidi ya miaka kumi, na ambalo leo naona heri nilieleze hadharani kwa kuwa halinihusu mimi peke yangu.

Mwaka 2013 nilikuwa Mbita nikikusanya maneno ya Olusuba. Wasomaji walio mbali na ziwa huenda hawajui kwamba Wasuba, ambao masimulizi yao yanawaleta kwa mitumbwi kutoka pande za Buganda na Busoga, wana lugha yao ya Kibantu, na kwamba lugha hiyo imemezwa na Dholuo hata watoto wengi wa Rusinga na Mbita hawaijui kabisa. Mimi ni mmoja wa watoto hao. Nilijifunza Olusuba nikiwa mtu mzima, kwa daftari na kalamu, na mwalimu wangu mkuu alikuwa bibi mmoja aliyekuwa amepita miaka 75. Jina lake nitalihifadhi. Nitamwita Dana, yaani bibi yangu, kama nilivyokuwa nikimwita kwa Dholuo. Naye alikuwa akiniita nyakwara, mjukuu wangu, ijapokuwa hatukuwa na undugu wa karibu.

Dana alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama 22. Kila Jumanne na Ijumaa waligawana vijiji, wakawaendea wazee walioishi peke yao. Huyu walimchotea maji, yule walimpikia uji, mwingine walimkata kucha na kumfulia blanketi. Walipomaliza waliketi naye. Nilipomuuliza Dana kazi hasa ya kikundi ni ipi, hakuanza na uji wala maji. Alisema kazi yao ni kuketi. Kila mwanachama alichanga shilingi 50 kwa wiki, na katika fedha hizo walinunua unga, sabuni na mafuta ya taa. Mzee alipofariki, wao ndio waliomwosha na kumlilia.

Wazee wa namna hiyo walikuwa wengi, na sababu yake inajulikana. Katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, Ukimwi uliwazika watoto ambao walipaswa kuwatunza. Hata uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018, uliofanywa miaka mingi baada ya dawa kufika, uliikuta Homa Bay ikiongoza nchi nzima kwa asilimia 19.6 ya watu wazima wanaoishi na virusi. Bibi aliyewazika wana wanne alibaki na wajukuu tisa. Wajukuu walipokua, walikwenda Kisumu, Nairobi, au kwenye mialo mingine kuvua omena. Bibi akabaki na nyumba.

Fedha za kigeni zilikuja, la haja. Lakini zilikuja kwa jina la yatima. Serikali nayo, ilipoanza mwaka 2004 kuwapa ruzuku maskini waliokuwa wakiwalea yatima, iliwapa kwa sababu ya mtoto. Sisemi kuwa hilo lilikuwa kosa. Mtoto lazima ale na asome. Nasema tu kwamba katika karatasi zote hizo bibi alionekana kama mlezi, na siku mtoto wa mwisho alipotimiza miaka 18, bibi alitoweka katika orodha kana kwamba naye amekua.

Ndipo ikaja ile fomu. Mfadhili mmoja, ambaye sitamtaja, alitangaza ruzuku ya miezi 36 kwa mashirika na vikundi vinavyowahudumia wazee. Fomu ilikuwa na kurasa 19, yote kwa Kiingereza. Tuliijaza uani kwa Dana, chini ya mwembe, wanachama wakiwa wameketi kwenye majamvi, mimi nikisoma swali na kulieleza kwa Dholuo, wao wakijibu, nami nikiandika. Maswali 13 ya mwanzo yalipita salama. Swali la 14 lilitaka kikundi kieleze jinsi walengwa watakavyoweza kujitegemea baada ya miezi 36, pamoja na mkakati wa kikundi wa kujiondoa.

Dana aliniomba nilirudie. Nikarudia. Akacheka kidogo, akasema, "Nyakwara, tujiondoe twende wapi?"

Nikamweleza kuwa mfadhili anataka kujua mambo yatakuwaje fedha zikikoma. Akafikiri, kisha akajibu kwa utulivu: "Mwaka wa tatu hao watu watakuwa wazee zaidi. Wengine tutakuwa tumewazika. Andika hivyo."

Sikuandika hivyo. Niliandika kwamba kufikia mwisho wa mwezi wa 36 wazee watakuwa wamejengewa uwezo wa kujitegemea kiuchumi kupitia ufugaji wa kuku, na kwamba faida ya kuku itauwezesha mradi kujiendesha bila msaada. Nilijua lugha inayotakikana, kwa maana huo ndio ujuzi wangu. Mtu hufundishwa isimu miaka mingi ili atambue rejista na kuitumia ipasavyo. Akina mama hawakuwa wamezungumza juu ya kuku hata mara moja.

Ruzuku ilitolewa.

Yaliyofuata nitayasimulia kwa kifupi, maana hayanipendezi. Mwaka 2014 likajengwa banda la mabati. Wakaletwa vifaranga. Yakaandaliwa mafunzo, na akina mama ambao walikuwa wakitembea vijijini siku za Jumanne wakawa Jumanne wanahudhuria semina juu ya kuweka hesabu. Mzee mmoja asiyeona, ambaye alikuwa akihitaji mtu wa kumwongoza hadi chooni, aligawiwa vifaranga kumi na kutiwa sahihi ya kidole gumba katika orodha ya wajasiriamali. Fomu za kila robo mwaka zilikuja, nami nilizijaza. Kideri kikaingia bandani na kufyeka kuku karibu wote. Pakazuka ugomvi juu ya waliosalia na juu ya posho za semina, kikundi kikagawanyika, na mchango wa shilingi 50 ukasimama, kwani nani atachanga shilingi 50 ilhali mfadhili yupo? Mwaka 2017 muda ulipokwisha, ripoti ya mwisho niliiandika mimi. Ilisema mradi umefaulu. Dana alifariki mwaka 2019, na siku ya mazishi yake nilihesabu wanachama wa zamani sita tu waliovaa leso za kikundi.

Kwa muda mrefu nilimlaumu mfadhili. Halafu nikaanza kuyachunguza maneno, kama ilivyo desturi ya watu wa kazi yangu. Tazama neno tunalotumia kwa fedha hizi: ruzuku. Limetokana na mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa riziki. Kwa Mswahili, riziki haina mwezi wa 36. Inaweza kuwa haba, inaweza kuchelewa, lakini hakuna anayeulizwa ataishije baada ya kuacha kula. Tazama pia mradi, ambalo asili yake ni kusudio, jambo mtu analolitaka. Sasa mradi ni kitu chenye tarehe ya kuanza na ya kumalizika, na mtu akikitaka baada ya tarehe hiyo, huambiwa hakipo tena. Na walengwa! Neno hili lilinikera tangu siku ya kwanza. Kinacholengwa ni swara au ndege, na anayelenga ana mshale mkononi. Mzee wetu, ambaye katika lugha zetu zote jina lake tu ni heshima, akiingia katika karatasi ya ruzuku huwa mlengwa, kisha huwa mtu aliye hatarini, kisha huwa namba ya kiashiria. Aghalabu watu husema haya ni maneno tu. Akina mama 22 waliacha kuketi na wazee kwa sababu kuketi hakukuwa na safu katika jedwali.

Na wanaokubali kuwapa wazee hata hiyo safu ni wachache mno. HelpAge International na Handicap International walichunguza miradi zaidi ya 6,000 iliyoombewa fedha katika miito ya dharura ya Umoja wa Mataifa mwaka 2010 na 2011. Iliyokuwa na walau shughuli moja kwa ajili ya wazee au walemavu ilikuwa 145. Hao walioitwa maskini wa maskini hawakufikia hata tatu katika kila mia. Hali hii inashangaza zaidi ukikumbuka kwamba HelpAge yenyewe, ilipoundwa mwaka 1983, miongoni mwa mashirika yaliyoiasisi lilikuwamo la Kenya. Hatukuwa wageni katika jambo hili. Tulikuwepo likianza.

Je, ruzuku haiwezi kutolewa kwa njia nyingine? Yaweza, na huhitaji kwenda mbali kuthibitisha. Ukisimama ufuoni Mbita na kulielekeza jicho kusini magharibi, ng'ambo kabisa ya ziwa, kuna mkoa wa Kagera, Tanzania, nako maradhi yaliwaacha mabibi na wajukuu kama kwetu. Katika wilaya ya Muleba, mahali paitwapo Nshamba, Mswisi mmoja, Kurt Madörin, alisaidia mwaka 2003 kuanzisha shirika lililoitwa Kwa Wazee. Hawakumpa bibi kuku. Walimpa pensheni ndogo ya kila mwezi mkononi mwake, na nyongeza kwa ajili ya wajukuu aliowalea, wakamwachia mwenyewe kuamua. Tathmini iliyotolewa mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja vitu walivyonunua: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Napenda ripoti ambayo jina lake lingeeleweka na Dana bila mkalimani. Ni kweli kwamba Kwa Wazee nao walitegemea fedha kutoka Uswisi na kwingineko, na sidai kuwa hawakukesha wakiwaza kesho. Ila hawakumtaka bibi wa miaka 80 aahidi kuwa mfanyabiashara.

Zanzibar ilikwenda hatua moja mbele. Mwezi Aprili 2016 serikali yake ilianza kumlipa kila mkazi aliyetimiza miaka 70 pensheni, shilingi 20,000 za Tanzania kwa mwezi wakati huo, kutoka katika bajeti yake yenyewe.

Msomaji ataniambia, nasi tuna Inua Jamii. Tunayo, na naishukuru. Shilingi 2,000 kwa mwezi si kitu cha kubeza kwa mtu asiye na chochote, na uamuzi wa kumwandikisha kila mwenye miaka 70 bila kumdadisi umaskini wake, ulioanza kulipwa mwaka 2018, ulikuwa uamuzi wa heshima. Lakini Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa hadhi na kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa jamaa zao na Serikali, na Katiba hiyohiyo inamhesabu mtu kuwa mzee akitimiza miaka 60. Kati ya 60 na 70 pana miaka kumi ambayo mzee wa Katiba si mzee wa hazina. Waliofikisha 70 baada ya uandikishaji wa 2017 nao walingoja kwa miaka. Malipo huchelewa, kisha huja ya miezi kadhaa kwa pamoja, na mzee wa kisiwani hulazimika kutafuta mtu wa kumfuatilia. Hapo ndipo tunarudi kwa akina mama wa Jumanne. Shilingi 2,000 haziwezi kuchota maji. Hazikati kucha. Fedha ya Serikali humfikia mzee vizuri pale tu penye mtu wa kuketi naye, na huyo mtu hana anayemlipa hata nauli ya mtumbwi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo kuliko linavyosikika. Wanaotoa ruzuku kwa vikundi vinavyowahudumia wazee, wawe wafadhili wa nje, wawe matajiri wetu, iwe serikali ya kaunti, wakubali kulipia kuketi. Walipie unga, nauli, sabuni, glavu na posho ndogo ya mtembeleaji, mwaka baada ya mwaka, bila kumtaka mzee apone uzee wake. Wapokee maombi kwa Dholuo, kwa Olusuba, kwa Kiswahili, hata kwa sauti iliyorekodiwa katika simu, wamlipe mtafsiri wao wenyewe. Mtafsiri anayelipwa na mwenye fedha ana sababu ya kusema alichosikia. Mimi niliyetafsiri bure nikiwahurumia ndugu zangu nilikuwa na kila sababu ya kusema uongo. Sheria zimeanza kutoa nafasi: vikundi vya kijamii vilipata sheria yao ya usajili mwaka 2022, na ile ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013 ikaachwa kabatini, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Kusajiliwa si kulipwa, lakini kikundi kilichosajiliwa hakiwezi kuambiwa kuwa hakijulikani.

Wapo watakaosema huu si wakati wa kuomba. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika la USAID lilikuwa limefungwa. Homa Bay, ambayo huduma zake nyingi za Ukimwi zilitegemea fedha hizo, iliujua uchungu wake kabla ya watu wa Nairobi kumaliza kusoma habari. Sasa kila mtu anazungumza juu ya kujitegemea, neno lilelile la swali la 14, ila safari hii tunaulizwa taifa zima. Nami nakiri kwamba sasa naelewa jinsi Dana alivyojisikia chini ya mwembe.

Hata hivyo, si kweli kwamba sisi wenyewe hatuna fedha. Nenda Mbita Jumamosi yoyote uone mazishi. Mzee ambaye miezi sita kabla alikuwa akila mlo mmoja kwa siku anazikwa katika jeneza la mbao ya kung'aa, chini ya mahema ya kukodi, kwa spika zinazosikika hadi Rusinga, na fahali amechinjwa. Kamati ya mazishi huunda kundi la simu jioni ileile, na ndani ya wiki mbili laki tatu zimepatikana, nyingine kutoka Dubai na Marekani. Nimewahi kuwa mweka hazina wa kamati kama hizo mara tatu, na sijawahi kuona walaji wa mazishi wakiulizwa mkakati wao wa kujiondoa. Nilipendekeza mara moja, katika kikao cha ukoo wetu, kwamba sehemu moja katika kumi ya kila mchango wa mazishi iende kwa akina mama wanaowatembelea walio hai. Mjomba mmoja alisema ni jambo zuri, na wengine wakaitikia kuwa ni zuri sana. Kisha tukarudi kwenye bei ya hema.

Kikundi cha Dana hakikufa chote. Mwaka 2020, wakati wa korona, wale sita walianza tena kuzunguka vijijini, safari hii wakiacha uji mlangoni na kuketi mbali uani. Leo wako 17, na katibu wao ni msichana aliyemaliza kidato cha nne Mbita, mjukuu wa mmoja wao. Wamerudi kwenye mchango wa shilingi 50, ingawa shilingi 50 ya sasa haifanyi kazi ya ile ya zamani.

Mwezi uliopita katibu huyo alinitumia fomu katika simu. Mfadhili ni mwingine. Kurasa zimepungua, na swali la 14 sasa ni swali la 9, lakini ni lilelile. Nilisafiri hadi Mbita, na kabla ya kuandika neno lolote niliwasimulia akina mama habari ya kuku, kwamba ilikuwa yangu, kwani wengi walikuwa wakidhani ilitoka kwa wazungu. Baadhi walicheka. Mmoja, aliyepoteza urafiki wa miaka 30 katika ule ugomvi, hakucheka. Nikawasomea jibu la Dana kutoka katika daftari langu la Olusuba, ambamo nililiandika siku ileile pembeni mwa majina ya samaki, na nikawaambia kuwa tukilijaza hivyo huenda tukanyimwa fedha. Sikutaka kuamua kwa niaba yao mara ya pili. Wakajadiliana karibu saa nzima. Mikono 13 iliinuliwa kuunga mkono jibu la Dana, minne ikataka kuku, au angalau mboga.

Nililiandika kwa Dholuo kwanza, kisha chini yake kwa Kiingereza, neno kwa neno. Siku mbili baadaye katibu alinipigia simu. "Japuonj," akaniuliza, yaani mwalimu, "una hakika tuache hivi?" Nikamwambia aache. Akaituma Jumatano jioni, mtandao uliporudi.